Gitaa na Haki ya Neno

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Waliotunga methali hii hawakujua umeme wala hawakuona amplifaya, lakini kama wangefufuka wakaingia katika ukumbi wa dansi usiku wa Jumamosi, wangeitambua ngoma yao mara moja. Mwimbaji husimama mbele ya watu, mishipa ya shingo imemtoka, kinywa kinafunguka na kufumba, na neno halisikiki. Lisikikalo ni gitaa. Watu hulipa kiingilio ili wasikilize utungo, nao hurudi makwao na mvumo masikioni. Mtunzi aliyekesha akitafuta kina, na mwimbaji aliyejifunza kukitamka, wote wawili wamedhulumiwa, na msikilizaji ni wa tatu.

Dhuluma hii ina watetezi, na watetezi wana hoja tatu. Husema kwamba ukumbi mkubwa hutaka amplifaya kubwa. Kwamba amplifaya haitoi utamu wake mpaka ifunguliwe sana. Na kwamba pasipo kishindo hapana hamasa. Hoja hizi zimerudiwa mara nyingi hata zikadhaniwa kuwa elimu. Yapasa zipimwe moja moja.

Kwanza itolewe haki inayostahili. Amplifaya ni neema. Kabla ya miaka ya 1930 gitaa lilikuwa mnyonge katika bendi. Tarumbeta likipulizwa na ngoma ikipigwa, sauti ya nyuzi ilipotea kama mnong'ono sokoni. Umeme ndio uliolipa gitaa kiti barazani, na mwaka 1939 Charlie Christian, aliyepiga katika kundi la Benny Goodman huko Marekani, aliuonyesha ulimwengu kwamba gitaa laweza kuzungumza sawa na zumari na tarumbeta. Hapana mwenye akili atakaye kulirudisha gitaa katika unyonge ule. Lakini mnyonge akipewa haki yake hapewi pamoja nayo ruhusa ya kunyang'anya haki za wengine.

Hoja ya ukumbi mkubwa ilikuwa na ukweli zamani. Mwaka 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Waimbaji walitegemea vipaza sauti vya uwanja, na magitaa yalitegemea amplifaya zilizokuwa nyuma ya wapigaji, zenye nguvu ya wati 100. Mwaka huohuo Jim Marshall, mwenye duka la ala za muziki London, alitengeneza amplifaya za wati 100 kwa sababu Pete Townshend wa The Who alimtaka sauti kubwa zaidi. Wakati ule mpiga gitaa hakuwa na njia nyingine ya kumfikia mtu wa nyuma. Siku hizi maikrofoni huwekwa mbele ya spika ya gitaa, na mitambo ya ukumbi hulichukua gitaa pamoja na sauti ya mwimbaji mpaka ukuta wa mwisho. Amplifaya ya jukwaani haina tena kazi ya kuujaza ukumbi. Kazi yake ni kumsikilizisha mpigaji na wenziwe. Sababu imekufa, desturi imebaki, na desturi isiyo na sababu ni mzigo usio na mwenyewe.

Hesabu nayo yawakana watetezi hao. Mtu aiachaye amplifaya ya wati 50 akanunua ya wati 100 hudhani kwamba amejipatia sauti maradufu. Amejipatia desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sikio lisadiki kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu hutakiwa kuongezwa karibu mara 10. Kwa hiyo mwenye wati 10 si kwamba ana sehemu ya kumi ya sauti ya mwenye wati 100. Anayo karibu nusu. Fedha nyingi hutumika kununua fahari, ilhali kidogo tu ya fedha hizo ndiyo inunuayo sauti.

Hoja ya pili ni ya mafundi, nayo yastahili heshima. Ni kweli kwamba amplifaya ya valvu ikisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake sauti hunenepa na kukwaruza kwa namna ipendezayo. Eric Clapton aliposhikilia kupiga kwa sauti ya juu katika studio mwaka 1966, akirekodi na John Mayall, alitaka utamu huo. Lakini Clapton huyohuyo mwaka 1970 aliingia studio mjini Miami na amplifaya ndogo ya Fender Champ, yenye wati kama 5 na spika moja ya inchi 8, na sauti aliyoitoa imesikilizwa duniani kote. Valvu hupata utamu wake ikifikia ukomo wake. Basi atakaye ukomo na achague chombo ambacho ukomo wake u karibu. Kumtesa jirani kwa wati 100 ili kupata kile kinachotolewa na wati 5 si ufundi.

Tena hoja hiyo ni ya kuazima. Magitaa ya dansi ya Afrika Mashariki na ya rumba ya Kongo hayakujengwa juu ya mkwaruzo. Yalijengwa juu ya usafi: solo, ridhim na besi hupokezana na kuingiliana kama vidole vya msusi, na kila uzi sharti usikike peke yake ili ususi uonekane. Mpiga gitaa wa namna hii akitetea kishindo kwa hoja ya valvu hutetea nyumba isiyo yake.

Hapa hufaa kueleza kosa lianziapo, maana halianzii jukwaani, huanzia nyumbani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya sikio la binadamu. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupunguza nzito na nyembamba sana, likabaki na zile za kati. Sauti ikiwa kubwa, upungufu huo hufutika. Kijana hufanya mazoezi chumbani usiku, sauti ameipunguza kwa kuwa watu wamelala. Gitaa lamwonekea kavu, basi huongeza uzito, huongeza ukali, hupunguza sauti za kati, mpaka limpendeze. Kisha huweka alama kwenye vitufe vyake, na siku ya dansi huzirudia alama zilezile jukwaani. Ule uzito uliokuwa asali chumbani huwa tope ukumbini, ukigombana na gitaa la besi na ngoma. Ule ukali uliokuwa mwanga huwa sindano. Naye, akiona gitaa lake limepotea katika tope hilo, hapunguzi uzito, bali hufungulia zaidi. Mwenziwe naye hufungulia, mwimbaji naye huomba aongezewe, na maikrofoni hupiga yowe.

Amplifaya nayo huwekwa sakafuni, ikielekea visigino vya mwenyewe. Sauti nyembamba hutoka katika spika kama mwanga wa tochi: huenda mbele, wala haisambai sana kando. Mpigaji haisikii kwa kuwa yampita miguuni, basi huiongeza, na mtu wa safu ya kwanza hutobolewa masikio kwa kosa ambalo mkosaji halisikii.

Basi ni nini kinachopotea? Wanafunzi wa ushairi ndio wangepasa kujibu kwanza, na hadi sasa wamenyamaza. Katika matamshi, irabu ndizo zenye nguvu. Konsonanti ni dhaifu, na sauti kama s, f, t na k zina sehemu kubwa ya maana yao katika mitetemo iliyo zaidi ya 2,000 kwa sekunde. Tena ni tabia ya sikio kwamba sauti nzito ikizidi hufunika nyembamba kuliko nyembamba iwezavyo kufunika nzito. Kwa hiyo gitaa lililojazwa uzito huzila konsonanti na kuziacha irabu. Msikilizaji akiimbiwa tamu, damu, hamu au zamu, yote kwake ni neno moja. Vina vya ta, ka na pa huwa a tupu. Mtunzi aliyetunza vina na mizani amefanya kazi ya bure. Fumbo limefumbwa mara mbili, mara moja na mtunzi na mara ya pili na amplifaya, na fumbo la pili halina ufumbuzi. Lugha ambayo nyimbo zake za dansi na za taarabu zimewafikia watu wengi kuliko vitabu vyake haiwezi kulihesabu jambo hili kuwa dogo.

Hoja ya tatu ni ya hamasa. Mwaka 1976 The Who walipimwa katika uwanja wa Charlton, London, wakafikia desibeli 126 umbali wa meta 32, na jambo hilo likaandikwa katika kitabu cha Guinness kama ushindi. Baadaye Guinness waliacha kuandika ushindi wa namna hiyo, ili wasiwachochee watu kuharibu masikio. Townshend mwenyewe amekiri hadharani kwamba masikio yake yameharibika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni kwa kumbi za muziki, kwamba wastani wa sauti katika dakika 15 usipite desibeli 100. Hamasa inayolipiwa kwa kiungo cha mwili ni ghali mno.

Na dansi lenyewe limekwisha kuamua ugomvi huu. Wimbo huanza kwa beti, kisha hufika sebene, mwimbaji akapumzika na magitaa yakapewa uwanja. Hapo gitaa lina haki ya kupaa, na miguu ina haki ya kulifuata. Lakini litapaa kutoka wapi, ikiwa tangu ubeti wa kwanza lilikuwa angani? Asiyejua kunyamaza hana namna ya kushangaza.

Dawa haina gharama. Amplifaya iinuliwe au iegemezwe mpaka ielekee masikio ya mwenyewe. Vitufe virekebishwe ukumbini, kwa sauti ya ukumbini, bendi nzima ikipiga. Uzito upunguzwe, maana besi ina mwenyewe. Mpigaji ashuke jukwaani kabla watu hawajaingia, asimame mahali watakaposimama, asikilize. Na akitaka kujua kama amefaulu, asiulize kama gitaa lake limesikika. Amwulize mtu wa safu ya nyuma mwimbaji amesema nini.