"Bure" si "Huru": Programu za Picha na Mazoea Yetu

Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja. Kwa Mwingereza, neno hilo moja hubeba maana ya kitu kisicholipiwa na pia maana ya kitu kisichofungwa minyororo. Ndiyo maana Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza kwa miongo kadhaa kwamba anachopigania ni uhuru, si ukosefu wa bei. Mswahili hahitaji maelezo hayo. Anajua kwamba bure ni bure na huru ni huru. Anajua pia kwamba "bure" lina maana nyingine isiyopendeza, yaani kutoka jasho pasipo faida. Ajabu ni kwamba tukikaa mbele ya kompyuta tunausahau utajiri huo wote na kubaki na swali moja: inalipiwa?

Swali hilo huletwa kwangu mara kwa mara na wanafunzi, na hata na walimu wenzangu, kuhusu programu za kutazamia picha na kuzirekebisha kidogo: kugeuza picha iliyolala ubavu, kukata kingo, kuongeza mwanga, kupunguza ukubwa ili itumike katika barua pepe. Ni jambo dogo. Hata hivyo, ndani yake mna siasa.

Tuitazame Picasa, ambayo wengi wa rika langu tuliitumia. Google waliinunua mwaka 2004 wakaigawa bila malipo. Ilikuwa programu nzuri, na sina sababu ya kuibeza leo. Ilikusanya picha zilizotawanyika katika kompyuta, ikazipanga kwa tarehe, ikaondoa wekundu wa macho, tena bila kuiharibu picha asili. Mwezi Februari 2016 Google walitangaza kuiacha, na katikati ya Machi mwaka huohuo wakaacha kuihudumia. Watumiaji wakaelekezwa kwenye Google Photos, huduma ya mtandaoni iliyoahidi hifadhi isiyo na kikomo kwa picha zilizobanwa kidogo. Nayo ahadi hiyo ikakoma tarehe 1 Juni 2021. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye mali alibadili nia, basi.

Picha zenyewe zilibaki. Kilichokuwa hatarini ni kazi ya mtumiaji: albamu alizozipanga na majina ya watu aliowatambulisha sura kwa sura. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imeandikwa katika vijifaili viitwavyo .picasa.ini, ambavyo programu nyingine nyingi hazina habari navyo. Msomaji asilichukulie hili kuwa suala la mafundi. Katika familia zetu, mara nyingi ni bibi mmoja tu anayejua yule kijana aliyesimama nyuma kwenye picha ya harusi ni nani. Akishaketi na mjukuu wake, wakayaandika majina, kisha majina yakapotea baada ya bibi kufariki, kilichobaki ni karatasi ya wageni.

Kwa hiyo swali la kwanza, kwa maoni yangu, liwe hili: nikiandika maelezo ya picha, yanahifadhiwa wapi? digiKam, programu huria inayofanya kazi kwenye Windows na Linux, huweza kuyaandika ndani ya faili la picha lenyewe, kwa mfumo ambao programu nyingine zinausoma. Siku waandishi wake wakichoka, unahama na majina yako.

Zipo pia programu za bure zisizo huria lakini zenye uungwana. IrfanView imeandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na imekuwapo tangu 1996. Ina uzito wa megabaiti chache tu na huamka upesi hata katika kompyuta iliyochoka. XnView ya Mfaransa Pierre Gougelet ni ndugu yake kwa tabia. Zote mbili ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, ila anayezitumia kibiashara anapaswa kulipia. Steshenari inayopiga picha za pasipoti, kwa mfano, haimo katika msamaha huo. Ni wangapi wamewahi kuisoma leseni hiyo?

Hapa ndipo ninapofika kwenye aibu yetu. Fundi akikupigia Windows mpya hukuwekea na Photoshop iliyokrakiwa, kama zawadi. Adobe waliihamishia Photoshop kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka tangu 2013, na kwa kipato chetu si malipo madogo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, lakini tuiache sheria kwanza. Mara nyingi ili programu ya namna hiyo ikubali kuwaka, fundi huzima kinga ya virusi. Kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye picha za wateja, nakala za vitambulisho vya taifa na vyeti. Kisha tunajisifu kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022!

Linaloniuma zaidi ni taasisi za elimu kufundishia zana ambazo mhitimu hawezi kuzimiliki kihalali. GIMP, inayofanya sehemu kubwa ya kazi tunazozifuata Photoshop, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Walikuwa wanafunzi, kama hawa tunaowafundisha. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichambua na kuibadili, na nakala iliyokwisha kutolewa hainyang'anywi. Wala sisi si wageni wa kazi hii: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Zabuni za kompyuta za umma zingetaka programu huria kwanza, na fedha za leseni zikaelekezwa kwa vijana wa kuzitafsiri na kuwafunza mafundi, mbegu ile isingekauka.

Kwa anayesubiri jibu tu: nyumbani, pakua IrfanView au XnView kutoka tovuti ya mwandishi wake, si kwenye flashi ya rafiki. Ofisini, tumia digiKam. GIMP iwekwe akiba kwa kazi nzito, maana kuitumia kukata kingo ni kuita trekta kwa tuta la mchicha. Na kwa kuwa picha ya JPEG hupoteza kitu kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, weka nakala asili kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote.