Herufi Moja Haikati Nasaba

Wapenzi wa lugha na ushairi, naanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha fasihi katika shule za sekondari, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa Nathaniel Hathorne aliongeza herufi w katika jina lake, akawa Hawthorne, ili azikimbie dhambi za babu yake. Nilisema hivyo kwa uhakika, chaki mkononi, nao wakaandika. Leo nimestaafu, na nimekuja barazani kuifuta kauli ile. Naifuta kwa sababu bado naisikia ikirudiwa, na imezaa kauli mbaya zaidi: kwamba aliyebadili tahajia ya jina ameukana ukoo, na kwamba wenye tahajia mbili hawawezi kuwa wa mlango mmoja.

Tuutazame ukoo wenyewe. William Hathorne alivuka bahari kutoka Uingereza karibu na mwaka 1630, akakaa Dorchester, kisha akahamia Salem, katika koloni la Massachusetts. Alikuwa hakimu mkali, aliyewaandama kwa viboko waumini wa madhehebu ya Marafiki. Mwanawe John, aliyezaliwa mwaka 1641, ni miongoni mwa mahakimu waliowahoji washitakiwa wa uchawi mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe hadi akafa kwa kuwa alikataa kujibu shitaka. John alimzaa Joseph, Joseph akamzaa Daniel, Daniel akamzaa Nathaniel aliyekuwa nahodha, na nahodha akamzaa mwandishi wetu mjini Salem, tarehe 4 Julai 1804. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, mwandishi ni kilembwe wa hakimu.

Sasa tuulize: katika zama za hakimu yule, ni nani aliyekuwa mwenye tahajia ya jina? Hakuwa baba wala mama. Alikuwa karani, aliyeandika kama sikio lake lilivyosikia. Kamusi ya Samuel Johnson ilitoka mwaka 1755, na kitabu cha Noah Webster cha kuwafundisha Wamarekani tahajia kilitoka mwaka 1783. Kabla ya hapo kalamu ilikuwa huru. Katika kumbukumbu za kesi zile za Salem, mwanamke aliyenyongwa kwa jina la Nurse huonekana pia kama Nourse. Proctor ni Procter. Corey ni Cory. Ni watu walewale, shingo zilezile. Hata Shakespeare tunayemheshimu ametuachia sahihi sita, na hakuna hata moja iliyo sawa na tunavyoliandika jina lake leo. Je, tuseme naye aliukana ukoo wake mara sita?

Wapo watakaonijibu kwamba mwandishi wetu aliongeza w kwa hiari yake, akiwa kijana, na kwamba hakuna karani wa kulaumiwa. Ni kweli. Lakini hoja ya kwamba alitaka kujificha inavunjwa na matendo yake. Mwaka 1850 alichapisha The Scarlet Letter, riwaya ambayo yenyewe ni habari ya herufi moja iliyoshonwa kifuani mwa mwanamke. Katika utangulizi wake aliwataja wazi wazee wake wawili, yule wa viboko na yule wa mahakama ya wachawi, akaitwaa aibu yao juu ya mabega yake mbele ya wasomaji wote. Mtu anayejificha nyuma ya w hasimami mlangoni mwa kitabu chake akasema, hawa ni wangu. Mimi na chaki yangu tulimsingizia.

Wanaotafiti nasaba walikwisha kulielewa jambo hili zamani. Mwaka 1918 Robert C. Russell alipewa hataza ya mbinu iitwayo Soundex, ambayo hulipanga jina kwa sauti. Herufi ya kwanza hubaki, irabu hudondoshwa, na konsonanti zinazofuata hupewa tarakimu kwa kundi la matamshi yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliitumia mbinu hiyo kutengeneza faharasa za sensa zake. Fanya hesabu wewe mwenyewe: Hathorne hutoa H365. Hawthorne? H365 vilevile, kwani w haihesabiwi. Herufi tuliyoijengea hadithi ya usaliti haina uzito wowote kwa mtafiti. Yeye akishapata majina yanayofanana kwa sauti, huenda kwenye wosia, hati za ardhi na madaftari ya ubatizo, akatazama nani alimrithi nani. Huko ndiko nasaba inakothibitishwa.

Salem si mji wa mbali na lugha yetu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja, mwaka 1837, alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Wenzake walichukua pembe na sandarusi, wakatuletea kitambaa cha pamba ambacho wazee wetu wengine walikiita amerikani na wengine merikani. Neno limepoteza herufi yake ya kwanza njiani. Nani kati yetu atasema kwamba aliyevaa merikani hakuvaa kitambaa kilekile cha aliyevaa amerikani? Na sisi tunaoandika Liyongo na wanaoandika Liongo, tunamtaja shujaa mmoja au wawili?

Hili limenigusa hata mimi. Nilipostaafu, mafao yangu yalikaa miezi kadhaa kwa sababu jina la marehemu baba liliishia na i katika cheti kimoja na halikuwa na i hiyo katika kingine. Niliapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu. Nilikuwa na miaka sitini.

Hata hivyo, mimi nilikuwa na cheti, na kina Hathorne walikuwa na vizazi vyao vilivyoandikwa. Tarehe 1 Machi 1692 mbele ya John Hathorne alisimamishwa mwanamke aitwaye Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris. Kumbukumbu mara humwandika Tituba, mara Titiba. Hana jina la ukoo. Baba yake hakutajwa, mama yake hakutajwa, na baada ya kutoka gerezani mwaka 1693 habari zake zinakatika. Karani alikuwa na wino wa kutosha kuandika maswali ya hakimu na majibu ya mtumwa, lakini hakuona haja ya kuuliza, wewe ni binti wa nani? Tunapokesha tukijadili w ya kilembwe wa hakimu, tukumbuke kwamba yule aliyehojiwa hakuachiwa hata ukoo wa kukosea tahajia yake. Huo ndio ukatili wa madaftari ninaotaka tuukasirikie.

Sisemi kwamba tahajia haina maana. Nimekula chumvi yangu kwa kusahihisha tahajia, na mwanafunzi aliyekosea nilimkata alama. Wapo pia waliobadili majina ili wasijulikane. Ila dai hilo lithibitishwe kwa wanachotenda na wanachosema, kama tunavyomthibitisha mshairi kwa mashairi yake. Kwa wanafunzi wangu wa zamani mtakaosoma haya: katika daftari zenu futeni sentensi ile niliyowapa, na badala yake andikeni ubeti huu wa mwalimu wenu mzee:

Herufi haiwi jina, ni karani aloweka,
Ukoo hauna shina, kwa wino wa kuandika,
Waulize walonena, midomo ilotamka,
Tusiwakane wa jana, kwa herufi kutoweka.