Kunakili Kusikoonekana

Endapo karani wa masjala ataagizwa kupeleka barua ofisi ya jirani, naye akaketi kuinakili kwa mkono, akampa mkuu wake nakala hiyo, na mkuu bila kuisoma akaamuru inakiliwe tena kwa ajili ya tarishi, watu watasema kazi imepotea bure. Walakini hivyo ndivyo kompyuta zilivyozoea kutuma faili katika mtandao.

Programu huuomba mfumo wa uendeshaji usome faili. Data hutoka katika diski hadi sehemu ya kumbukumbu iliyo chini ya mfumo, na kazi hiyo hufanywa na saketi maalumu. Kisha prosesa huzinakili data katika eneo la programu. Programu haibadili hata herufi moja. Huzirudisha kwa mfumo, na prosesa huzinakili mara ya pili, ndipo saketi ya mtandao izichukue. Hivyo faili la megabaiti 100 huilazimu prosesa kunakili megabaiti 200.

Mwaka 1989 David Clark na wenzake walichunguza gharama za mawasiliano ya TCP, wakaonyesha kwamba kanuni zenyewe hazina uzito mkubwa. Kinacholemea ni kuzigusa data, pamoja na shughuli za mfumo wa uendeshaji. Mwaka 1999, Linux 2.2 ilikuja na amri iitwayo sendfile, ambayo hutuma faili bila kulipitisha katika eneo la programu.

Darasani kompyuta huchorwa kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Mchoro huo una kasoro: mshale hausemi kama data zimehama au zimenakiliwa. Mwanafunzi aliyekariri majina ya visanduku hubaki akiamini kuwa dawa ya mashine nzito ni kununua prosesa yenye kasi zaidi.

Hata hivyo, si haki kuwacheka waliobuni utaratibu wa kunakili. Nakala ni ukuta. Mfumo ukiwa na nakala yake, programu yaweza kuchezea ya kwake isidhuru kitu. Ukuta ukiondolewa, ukurasa mmoja wa kumbukumbu huwa na wenyewe wawili, na lazima ijulikane ni nani mwenye ruhusa ya kuuandika. Mwaka 2022 ilitangazwa kasoro ya Linux iliyopewa jina la Dirty Pipe: kurasa za faili zilipitishwa bila kunakiliwa, alama moja ya udhibiti ikaachwa na thamani ya zamani, na mtumiaji aliyeruhusiwa kusoma tu akaweza kuandika.

Tena, kuepuka kunakili kuna gharama yake. Linux ilipoongeza njia nyingine ya namna hiyo mwaka 2017, maelezo yake yalitahadharisha kwamba kwa kawaida faida huonekana pale tu data zinazotumwa kwa mara moja zinapozidi takriban kilobaiti 10. Orodha ya alama za darasa moja kwa kawaida haifikii kiasi hicho.