Picha Isiyo na Jina ni Amana



Mama mmoja wa pwani aliyeolewa Mau Narok ametuletea suali. Babu wa mumewe, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, aliacha kisanduku cha picha za vijana wenzake waliovaa sare. Nyuma ya picha hapakuandikwa jina hata moja. Mwenyewe ameshafariki, na mjane wake ni mkongwe sana. Je, picha hizo zina faida gani tena?

Jawabu letu ni kwamba hizo ni amana, na mwenye kuijua amana hiyo bado yu hai.

Wasomaji wetu wakumbuke kwamba vita vile vilipita mlangoni petu. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikielekea Ceylon, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Waliokufa walizidi 1,200. Hawana makaburi, majina ya wengi wao yamechongwa katika makaburi ya vita jijini Nairobi. Mwaka huohuo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, na mwezi wa Desemba ikauteka mji wa Kalewa.

Jeshi lilikuwa na wapigapicha wake, na picha zao nyingi zimehifadhiwa London. Lakini maelezo yake mara nyingi hutaja kikosi na mahali tu. Askari mwenyewe hatajwi. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jenerali China, alikuwa Burma, naye aliandika kitabu cha maisha yake. Wengi hawakuandika. Walirudi katika nchi ambamo ardhi ya nyanda za juu, ikiwamo ya Mau Narok, ilikuwa imetengewa Wazungu. Askari wa Kizungu aliweza kupewa shamba. Mwafrika aliyepigana vita hivyohivyo hakupewa. Basi wengi walinyamaza, na siri zao wakazijua wake zao.

Kwa hiyo, enyi mama na mabinti, kaeni na bibi huyo kabla kumbukumbu hazijamtoka. Mwonyesheni picha mojamoja, bila ya kumharakisha. Muulizeni: Huyu ni nani? Alitoka wapi? Alirudi? Muulizeni pia habari zake mwenyewe: nani alilima alipokuwa peke yake, na mumewe alirudi na hali gani. Hayo nayo ni historia ya vita. Andikeni kwa penseli kwenye bahasha ya kila picha. Asilolijua liacheni wazi, wala msilijaze kwa dhana, kwani ushahidi wa kubuni ni dhulma kwa maiti na kwa walio hai.

Hatuwaambii haya ili watoto wapende vita. Huenda mmoja wa vijana wale ni baba wa watu wanaomtafuta mpaka leo, na jina lake limebaki kifuani mwa ajuza mmoja wa Mau Narok. Akiondoka kabla ya kuulizwa, litazikwa pamoja naye.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Wabillahi tawfiq.