Seti tatu kwa kila kitanda: hesabu ambayo gesti nyingi hazijaipiga

Mkulima wa viazi wa Njombe anayesindikiza mzigo wake hadi Dar es Salaam, au mfanyabiashara wa Tunduma anayekwenda Kariakoo kufunga mzigo wa vitenge, huandika kwenye daftari lake nauli, ushuru, wapagazi, chakula na malazi. Kwenye safu ya malazi huweka bei ya chumba, basi. Upele unaomtokea baadaye hauandikwi. Fangasi za miguuni haziandikwi, wala kunguni waliorudi naye nyumbani ndani ya begi, ingawa dawa, magodoro ya kubadilisha na siku za kutokwenda shamba zote hutoka kwenye mfuko ule ule uliolipia nauli.

Sababu moja ya kutoziandika ni kwamba bili hiyo huchelewa. Upele, ambao mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, unaweza kuchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwasha kwa mtu ambaye hajawahi kuupata. Mdudu wake hukaa hai siku mbili au tatu nje ya mwili wa binadamu, muda unaotosha kwa shuka au blanketi kupokea mgeni mwingine. Unapoanza kujikuna, umeshapita gesti tatu au nne na huwezi kujua ni ipi iliyokupa. Mwenye gesti naye hajui. Kwa lugha ya biashara, muuzaji wa kitu kibovu hapati malalamiko, na mnunuzi hana wa kumlalamikia.

Tuangalie basi chumba cha kawaida, kile cha gesti ya karibu na stendi. Vitu ambavyo mgeni anavirithi kutoka kwa mgeni aliyemtangulia ni mashuka na foronya, blanketi, taulo, kandambili zilizoko mlangoni, ndoo na kopo la kuogea, glasi kama ipo, na rimoti ya televisheni kwa vyumba vya "selfu". Si vyote vina hatari sawa. Kandambili zisizokauka ni njia rahisi ya fangasi. Blanketi ni tatizo kubwa zaidi katika mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya kuliko Pwani, kwa sababu huko mgeni hujifunika kweli kweli, na blanketi zito ni kazi kubwa kulifua na kazi kubwa zaidi kulikausha. Kunguni wanauma na kunyima usingizi, lakini haijathibitika kwamba wanaambukiza Ukimwi, hofu ambayo bado husikika mitaani.

Wageni wengi husema tatizo ni uvivu wa wahudumu. Mimi sikubaliani. Nionavyo, tatizo la kwanza ni mtaji, na linaonekana ukihesabu mashuka.

Hoteli zinazojua kazi yake hujipangia angalau seti tatu za mashuka kwa kila kitanda: moja iko kitandani, ya pili iko kwenye kufuliwa, ya tatu imekaa kabatini ikisubiri. Gesti yenye seti moja tu kwa kitanda haiwezi kuwa safi hata kama mhudumu wake ni malaika. Mgeni anaondoka saa nne asubuhi, mwingine anafika saa nane mchana na basi. Siku ya jua, shuka lililofuliwa saa nne litakuwa limekauka. Siku ya mvua halitakauka. Sasa mhudumu wa Tukuyu, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, afanye nini? Analinyoosha shuka la jana, analipiga pasi juu juu, analitandika upya. Ufumbuzi wa mhudumu huyo ni seti ya pili na ya tatu, ambazo mwenye nyumba hakununua kwa sababu alikuwa ananunua televisheni.

Tupige hesabu kwa mfano. Msomaji aweke bei za kwake, mimi natumia namba rahisi. Tuseme gesti ina vyumba kumi, kila kitanda mashuka mawili, na tayari ina seti moja. Ili kufikia seti tatu inahitaji mashuka 40 zaidi. Tuseme shuka moja pamoja na sehemu yake ya foronya ni shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 480,000. Kama chumba ni shilingi 15,000 na kwa wastani vyumba sita vinapata wageni kila usiku, gesti inaingiza shilingi 90,000 kwa siku. Mashuka yote hayo ni mapato ya siku zisizozidi sita, kabla ya kutoa gharama nyingine.

Sasa tuyagawanye kwa mgeni. Vyumba sita kwa siku 365 ni wageni 2,190 kwa mwaka. Hata tukisema mashuka hayo yatachakaa kabisa ndani ya mwaka mmoja (hayatachakaa, maana seti zinazopokezana hudumu zaidi), ni kama shilingi 220 kwa kila mgeni. Ongeza maji, sabuni, mkaa wa kuchemshia na ujira wa kufua, tuseme shilingi 800. Tofauti kati ya shuka lililofuliwa na shuka lililonyooshwa ni takriban shilingi 1,000 kwa usiku mmoja.

Mtu atauliza: kama ni shilingi 1,000 tu, kwa nini soko lisilipe? Wafanyabiashara wangapi wangekataa kulipa 16,000 badala ya 15,000 wakihakikishiwa usafi? Hapo ndipo kwenye fundo la jambo hili. Mgeni hawezi kuhakikishiwa. Akisimama mlangoni na begi lake, shuka lililofuliwa na shuka lililonyooshwa yanafanana. Kwa hiyo halipi zaidi, na mwenye gesti anayefua kila siku anabeba gharama ambayo jirani yake haibebi, huku wote wakiuza kwa bei moja. Baada ya miezi kadhaa naye anaanza kunyoosha. Mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wakulima wa mahindi wanalijua bila Nobel. Anayekausha mahindi yake juu ya turubai na anayeyakausha ardhini wanapata bei moja kwa kilo, kwa kuwa mnunuzi haoni sumukuvu kwa macho. Matokeo yake yalionekana mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu walikufa kwa sumu hiyo.

Wala tusidhani kwamba bei kubwa peke yake inaponya. Mwaka 2007 kituo kimoja cha televisheni cha Atlanta, Marekani, kilificha kamera katika vyumba vya hoteli na kuonyesha glasi zikifutwa tu bila kuoshwa kwa sabuni, kisha kurudishwa mezani. Mwaka 2018 mgeni mmoja nchini China alisambaza video ya hoteli 14 za kifahari, zikiwamo za Beijing na Shanghai, ambamo vikombe vilifutwa kwa taulo zilizokwisha kutumiwa. Watu walikuwa wamelipa fedha nyingi. Glasi ina sifa hiyo mbaya: ukiifuta kwa kitambaa kichafu inang'aa vile vile.

Utafiti uliowasilishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, unasaidia kueleza. Walipima vyumba tisa vya hoteli katika majimbo matatu. Ukiacha choo na sinki, sehemu zilizokutwa na bakteria wengi zilikuwa ni pamoja na rimoti ya televisheni na swichi ya taa ya kando ya kitanda. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba sifongo na midekio ya wahudumu navyo vilikuwa na bakteria wengi, yaani chombo cha kusafishia kilikuwa kinaweza kuhamisha uchafu kutoka chumba hadi chumba. Watafiti hao walieleza kwamba mhudumu husafisha vyumba 14 hadi 16 kwa zamu ya saa nane, takriban nusu saa kwa chumba. Vyumba vyao tisa ni vichache na havitoshi kuzihukumu hoteli zote. Lakini hesabu ya nusu saa inafundisha. Kwenye gesti zetu mhudumu huyo huyo ndiye anayepokea wageni, kuchota maji na kufungua geti usiku.

Ndiyo maana naona njia iliyo fupi ni kuchagua vitu vinavyojisema vyenyewe. Shuka jeupe ni mfano. Hoteli za Westin zilipoanza mwaka 1999 kutangaza vitanda vyenye matandiko meupe matupu, zilikuwa zinauza kitu ambacho mgeni anaweza kukikagua kwa macho. Shuka la maua mengi ya kahawia na bluu huficha kila kitu, na nadhani ndiyo sababu linapendwa na wenye gesti. Njia nyingine haina gharama hata kidogo: mashuka yakae kabatini yakiwa yamekunjwa, yatandikwe mgeni akiwa amesimama pale pale. Mstari wa mkunjo wa pasi unaonekana. Gesti inayofanya hivyo inaweza kuomba ile 1,000 na kuipata. Kandambili zioshwe kwa sabuni na zikaushwe juani, au ziondolewe kabisa na mgeni aambiwe mapema aje na zake. Kitu kisichoweza kusafishwa kila siku ni heri kisiwepo.

Kwa kunguni hesabu ni tofauti, na hapa wakulima wawe waangalifu kwa sababu wana dawa karibu. Kunguni hawakai kwenye shuka. Wanakaa kwenye mishono ya godoro, kwenye nyufa za kitanda cha mbao na nyuma ya ubao wa kichwani, na wanaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huua wale waliomo kwenye nguo na mayai yao, lakini kitanda kinabaki. Wenye gesti hukimbilia kupuliza. Tayari mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanyika Tanzania kuhusu kunguni wa vijiji vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa: walikuwa wamejenga usugu dhidi ya pairethroidi, kundi lile lile la viuatilifu ambalo mkulima hupulizia pamba na mboga. Aliyeona wadudu wa nyanya wakizoea dawa anajua kinachofuata: watu huongeza kipimo, kisha hutafuta dawa kali zaidi. Hatari kubwa ni vidonge vya fosfini vinavyotumika kufukizia mahindi ghalani. Gesi yake hupenya kwenye nyufa hadi chumba cha jirani, na katika nchi kadhaa imeua watu waliokuwa wamelala. Vidonge hivyo visiingizwe kamwe mahali wanapolala watu, hata kama muuzaji wa duka la pembejeo anasema vinafaa. Kitanda cha chuma kisicho na nyufa, maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao na godoro lililofungwa kwenye mfuko wa zipu ni polepole zaidi, lakini havizoeleki.

Serikali za mitaa nazo zina kazi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na maafisa afya hukagua. Kwa kawaida ukaguzi huangalia choo, maji na rangi ya ukuta. Ningependa afisa afya asiulize kama mashuka yanafuliwa, kwa sababu jibu analijua. Afungue kabati ahesabu. Vyumba kumi na mashuka ishirini ni jibu tosha.

Lakini mwenye nguvu kuliko wote ni mgeni anayerudi. Gesti ya stendini inauza kwa mtu ambaye haitamwona tena, ndiyo maana haina haraka ya kujirekebisha. Mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda soko la Kibaigwa mara kwa mara, au viongozi wa chama cha msingi wanaolala mjini kila msimu wa mauzo, ni wateja wa kudumu. Watu kumi wakikubaliana kulala nyumba moja kwa sharti la shuka kutandikwa mbele yao, mwenye nyumba atanunua seti ya pili kabla ya wiki kwisha, maana ameshajua fedha yake itarudi.

Kwa anayesafiri kesho, kabla hata ya makubaliano hayo: kandambili zako na shuka lako vinakaa kwenye kona ya begi. Inua pembe za godoro utazame kama kuna madoa meusi madogo madogo kwenye mshono. Usiweke begi kitandani wala sakafuni, litundike. Na yale magunia matupu ambayo watu wa mazao hupenda kuyasukuma uvunguni mwa kitanda ili yasiibiwe, yafungwe kwenye mfuko wa plastiki au yaachwe kwenye gari, kwa sababu hakuna maficho ambayo kunguni anayapenda kama mkunjo wa gunia, na gunia hilo likifika nyumbani huwekwa chumbani, karibu na kitanda cha watoto.