Wajir na Mandera Ziunganishwe Angani

Wananchi wenzetu, tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28, walimu miongoni mwao, walishushwa kutoka basini karibu na Mandera wakauawa. Desemba 2015 basi jingine, likielekea Mandera, likashambuliwa karibu na El Wak. Hiyo ndiyo njia ambayo mwalimu na mgonjwa huambiwa waivumilie!

Twadai safari ya ndege ya kudumu baina ya Wajir na Mandera, ya moja kwa moja, isiyomzungusha mtu hadi Nairobi, na kwa nauli anayoimudu mwalimu. Wakubwa hujibu kwamba abiria ni wachache. Ajabu! Vizuizi vya barabarani viliwekwa bila kuhesabu abiria. Na Mei 2019, Serikali ilipotaka kukagua ndege zitokazo Mogadishu, ilizishurutisha zitue kwanza Wajir. Siku hiyo Wajir haikuwa mbali wala haikuwa ndogo.

Watu wa huko wameonyeshwa matumizi mengine ya kiwanja cha ndege. Februari 1984 wanaume walirundikwa katika kiwanja cha Wagalla, wakanyimwa maji, wakapigwa risasi.

Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu uhuru wa kusafiri, na Jedwali la Nne limeikabidhi Serikali ya Kitaifa usafiri wa ndege. Basi tusielekezwe kwa magavana. Waziri wa Uchukuzi na atangaze ratiba na nauli, kisha aseme ni fungu lipi la bajeti litakalolipia viti vitakavyobaki vitupu.