UNDUGU WA MIFUMO HAUTOSHI

Wako wenzetu wasemao kwamba kadi ya mtandao ikikataa kazi katika mfumo mmoja wa programu huria, dawa ni rahisi: chukua draiva ya mfumo ulio ndugu yake, itie, basi. Wengine husema kompyuta ya namna hiyo haifai kitu, itupwe. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Jambo hili latuhusu, kwani kompyuta kuukuu ndizo ambazo shule nyingi huweza kuzipata.

Draiva ni programu ijuayo lugha ya chombo kimoja, kama printa au kadi ya mtandao. Hupokea amri ya mfumo na kuigeuza iwe ishara ambazo chombo huzielewa. Pasipo draiva, chombo kizima ni sawa na kibovu.

Sasa tazama FreeBSD na NetBSD, zilizoanza mwaka 1993, na OpenBSD, iliyotoka katika NetBSD mwaka 1995. Asili yao ni moja, yaani kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Lakini kila mfumo una taratibu zake za kuandikisha chombo, kugawa kumbukumbu, na kuzuia prosesa mbili zisiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sisi tulio karibu na mpaka twaweza kulielewa jambo hili upesi. Mnyakyusa akivuka Mto Songwe pale Kasumulu husikilizana na Mngonde wa Malawi bila mkalimani. Hata hivyo shilingi zake sharti azibadili ziwe kwacha, na mchele wake hufuata sheria za nchi ile. Draiva nayo ni hivyo. Sehemu inayosema na chombo huvuka bila taabu kubwa, maana chombo ni kile kile. Sehemu inayosema na mfumo ndiyo sharti iandikwe upya. Mwandishi akikosea, kompyuta nzima yaweza kuanguka, kwa sababu draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo.

Tena iko leseni. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, ina leseni ya GPL. Leseni hiyo yadai kwamba anayesambaza kazi iliyotokana nayo aitoe kwa masharti yale yale. Leseni za BSD ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo draiva nyingi za Linux haziingizwi katika kiini cha BSD hivi hivi tu.

Walakini kazi hii yawezekana. Mfumo uitwao Haiku hutumia draiva za mtandao za FreeBSD kwa kuweka tabaka la katikati, mfano wa mkalimani. FreeBSD nayo hufanya hivyo kwa draiva za picha za Linux. Lakini mkalimani huyo hapumziki: Linux ikibadilika ndani, naye hana budi kubadilika.

Basi yatupasa kufanya nini? Naomba shule iwe na chama cha kompyuta kitakachojifunza lugha ya C, na kuweka daftari lenye jina na namba ya kila chombo, pamoja na mfumo unaokikubali. Nao wazazi na wafadhili, kabla ya kutuletea kompyuta, watuulize kwanza daftari lasemaje.

Najua wako watakaosema kwamba mtihani wa taifa hauulizi draiva. Ni kweli. Lakini mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Waliofanya kazi ile hawakungoja ije tayari kutoka ng'ambo. Wazee walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa mifumo ya kompyuta pia, cha ndugu chaweza kuazimwa, ila sharti awepo nyumbani ajuaye kukitengeneza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne